Kujiandaa kwa Mtihani wa Sayansi ya Mazingira wa AP: Mwongozo Kamili wa Wiki Nane

Mtihani wa Sayansi ya Mazingira wa AP (Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari), unaotungwa na College Board ya Marekani na kufanywa kila mwezi wa Mei, umevumishwa kuwa mtihani mwepesi, na uvumi huo umewaponza wengi. Mwanafunzi husikia kwamba somo lenyewe ni habari za misitu, maji na hewa, mambo anayoyaona kila siku, akadhani kwamba kupitia daftari kwa siku chache kutamtosha. Akifika kwenye chumba cha mtihani hukuta anatakiwa kueleza, bila kuruka kiungo hata kimoja, jinsi mbolea iliyotiwa shambani inavyoishia kuua samaki ziwani, kisha akokotoe hesabu na kuonyesha kila hatua pamoja na vizio vyake.

Nimewasaidia wanafunzi wanaozungumza Kiswahili kujiandaa kwa mtihani huu, wengi wao wakiwa watoto wa familia zilizohamia Marekani kutoka Congo, Burundi na Tanzania, na nimeona kwamba mara chache hushindwa kwa sababu hawajui mambo. Hushindwa kwa sababu hawajui ni kitu gani kinacholipwa alama. Kinacholipwa ni mlolongo kamili wa sababu na matokeo, ulioandikwa kwa maneno mahususi. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya jambo hilo, na zimepangwa kwa mtu aliyebakiwa na wiki nane.

Hatua ya kwanza: Ijue karatasi kabla ya kulijua somo

Mtihani una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina maswali 80 ya kuchagua jibu, hufanywa kwa dakika 90, na hubeba asilimia 60 ya alama zote. Sehemu ya pili ina maswali 3 ya kujieleza, hufanywa kwa dakika 70, na hubeba asilimia 40. Kila swali lina alama 10, kwa hiyo una dakika 23 hivi kwa kila moja. Swali la kwanza hukutaka upange au uchambue uchunguzi wa kisayansi, la pili hukupa tatizo la mazingira ulichambue na kupendekeza suluhisho, na la tatu hufanya vivyo hivyo likiongeza hesabu.

Kikokotoo kinaruhusiwa. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali la kuchagua likiwa tupu hata kama unabahatisha. Tangu Mei 2025 mtihani wote hufanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, jambo linalomaanisha kwamba majibu ya kujieleza nayo hupigwa chapa. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwa kalamu aanze mapema kufanya mazoezi ya kupiga chapa aya nzima, maana dakika 23 huisha haraka kwa mtu anayetafuta herufi moja moja kwa kidole.

Hatua ya pili: Jipime ukiwa bado hujasoma

College Board huchapisha kwenye tovuti yake maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihishia. Katika siku ya kwanza kabisa, chukua seti moja ya maswali matatu, jifungie dakika 70, uyajibu kadiri unavyoweza. Siku ya pili, chukua mwongozo wa kusahihishia na ujisahihishe kwa ukali, ukijipa alama pale tu ambapo ulichoandika kinalingana na kinachotakiwa. Usijihurumie kwa kusema kwamba ulikuwa na maana hiyo moyoni. Msahihishaji husoma kilichoandikwa.

Zoezi hili huumiza, lakini linakupa kitu ambacho kitabu cha kiada hakikupi: linakuonyesha jinsi jibu la alama moja lilivyo. Utaona kwamba mara nyingi ni sentensi moja au mbili, zenye jina la kitu halisi na kitendo halisi.

Hatua ya tatu: Gawa wiki kwa uzito wa mada

Somo lina mada tisa, na uzito wake haulingani. Mada ya 1 na ya 2, zinazohusu mifumo ikolojia na bioanuwai, hubeba kati ya asilimia 6 na 8 kila moja. Mada ya 3 hadi ya 6, yaani idadi ya viumbe, mifumo ya dunia, matumizi ya ardhi na maji, na nishati, hubeba kati ya asilimia 10 na 15 kila moja. Mada ya 7 na ya 8, uchafuzi wa hewa na uchafuzi wa maji na ardhi, hubeba kati ya asilimia 7 na 10 kila moja. Mada ya 9, mabadiliko ya dunia, ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa hubeba kati ya asilimia 15 na 20.

Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Mada ya 9 hufundishwa mwisho, wakati walimu wanakimbizana na kalenda, kwa hiyo mada yenye alama nyingi zaidi ndiyo inayosomwa kwa haraka zaidi. Ninashauri uivute mbele. Wiki ya kwanza shughulika na mada ya 1 na ya 2, wiki ya pili mada ya 3, wiki ya tatu mada ya 4, kisha wiki ya nne ruka moja kwa moja hadi mada ya 9, kwa sababu utakuwa umetoka tu kusoma angahewa, bahari na mionzi ya jua, na hayo ndiyo msingi wake. Wiki ya tano na ya sita ni za mada ya 5 na ya 6, ya saba ni ya mada ya 7 na ya 8 kwa pamoja, na ya nane haina kusoma kitu kipya.

Hatua ya nne: Andika milolongo, wala usikariri fasili

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo saa zako nyingi zinapotakiwa kwenda. Kwa kila tatizo kubwa la mazingira, chukua kadi moja na uandike mlolongo wake tangu chanzo hadi athari ya mwisho, ukijiuliza baada ya kila kiungo: kisha nini?

Tuchukue urutubishaji wa maji uliopita kiasi. Mvua huzoa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani. Kisha nini? Virutubisho hivyo huingia ziwani na mwani huzaliana kwa wingi. Kisha nini? Mwani hutanda juu ya maji, mwanga haufiki chini, na mimea iliyo chini hufa. Mwani nao hufa na kuzama. Kisha nini? Bakteria wanaoozesha mabaki hayo huongezeka, na katika kuozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Kisha nini? Oksijeni hupungua hadi samaki hawawezi kuishi. Mwanafunzi anayeandika kwamba mwani humaliza oksijeni na samaki hufa amewaruka bakteria, na bakteria ndio wenye alama. Nimeliona kosa hili mara nyingi kiasi kwamba sasa huanza nalo katika somo la kwanza.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana hazina hapa, na ningependa aitumie. Ziwa Victoria linakusanya nusu ya mtaala ndani ya mwambao mmoja. Sangara aliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950. Ni samaki mlaji mwenye mwili mkubwa, na kuongezeka kwake kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hapo una spishi vamizi, una spishi za mahali pamoja, una upotevu wa bioanuwai. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilitanda katika miaka ya 1990 hadi mitumbwi ikashindwa kutoka kwenye mialo, na miongoni mwa njia zilizotumika kulipunguza ni kuachilia fukusi wanaokula mmea huo. Huo ni udhibiti wa kibayolojia, na ukimlinganisha fukusi anayetegemea mmea mmoja na sangara anayekula samaki wa kila namna, unapata jibu zuri la kwa nini kuingiza kiumbe mgeni kunaweza kufaa mahali pamoja na kuleta maafa mahali pengine. Pale swali lisipokufunga kwenye mahali maalumu, mfano kama huu hukubalika sawa na mfano wa Marekani.

Kadhalika na kivuli cha mvua. Usikariri mchoro wa mlima usio na jina wakati unaweza kuwaza Kilimanjaro: hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda upande wa kusini, hupanuka na kupoa kadiri inavyopanda, mvuke huganda kuwa matone na mvua hunyesha kwenye mashamba ya migomba na kahawa, ikishuka upande wa pili imekwisha kumwaga unyevu wake, hujibana na kupata joto, na nyanda za Amboseli hubaki kavu. Mtu aliyewahi kufika pande zote mbili hahitaji kukumbushwa.

Kuna jozi za mambo ambazo zinafanana kwa jina au kwa sura, na watunga mtihani huzijua. Zitengenezee kadi za peke yake. Ozoni ya juu, katika stratosfia, hutukinga na mionzi ya urujuanimno na huharibiwa na klorini inayotokana na kemikali za CFC, ambazo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliwekwa ili kuziondoa; ozoni ya chini ni kichafuzi kinachoundwa oksidi za naitrojeni na kemikali tete za kikaboni zinapokutana na mwanga wa jua, nayo huwasha njia ya hewa na kuzidisha pumu. Ongezeko la joto duniani ni jambo la tatu tofauti, linalotokana na gesi joto kunasa mionzi ya infraredi inayotoka ardhini. Anayeandika kwamba tundu la ozoni ndilo linaloipasha dunia joto hupoteza alama yote hata kama sentensi zake nyingine ni nzuri.

Jozi nyingine ni mlimbikizo wa sumu ndani ya kiumbe mmoja kadiri anavyoishi, na kuongezeka kwa mkolezo wa sumu hiyo kutoka ngazi moja ya mnyororo wa chakula hadi nyingine. DDT, dawa ya kuua wadudu, inazionyesha zote mbili: huyeyuka katika mafuta ya mwili na hubaki humo, kisha tai anayekula samaki wengi hupokea mzigo wa wote. Maganda ya mayai ya tai yalikuwa membamba na kuvunjika, na Marekani ikapiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972.

Hatua ya tano: Fanya hesabu kila siku, kidogo kidogo

Hesabu za mtihani huu hazipiti kuzidisha, kugawanya, asilimia na vipeo vya kumi. Kinachoangusha watu ni vizio na hatua zisizoonyeshwa. Swali likikutaka ukokotoe, namba ya mwisho peke yake haitoshi. Andika ulichoanza nacho, ulichokifanya na ulichokipata, kila namba ikiwa na kizio chake.

Aina zinazorudi mara kwa mara si nyingi. Ya kwanza ni ongezeko la watu. Nchi ikiwa na vizazi 36 na vifo 6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na tukiacha uhamiaji kando, tofauti ni 30 kwa 1,000, yaani asilimia 3. Kwa kanuni ya 70, ambapo 70 hugawanywa kwa asilimia ya ongezeko ili kukadiria miaka ya idadi kuwa maradufu, ukigawanya 70 kwa 3 unapata kwamba idadi hiyo itakuwa maradufu baada ya miaka 23 na kidogo. Angalia kwamba 70 hugawanywa kwa 3, haigawanywi kwa 0.03, kosa hilo hukupa zaidi ya miaka 2,300, na mtu anayetazama jibu lake kwa akili anapaswa kushtuka.

Ya pili ni badiliko la asilimia. Vipimo vya kaboni dioksaidi vilivyoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 vilionyesha sehemu 315 hivi kwa kila milioni, na kufikia mwaka 2023 kiwango kilikuwa karibu 420. Tofauti ni 105. Gawanya kwa kiwango cha mwanzo, 315, uzidishe kwa 100, upate asilimia 33 hivi. Wengi hugawanya kwa kiwango kipya, na hapo ndipo wanapopotea.

Ya tatu, nayo ndiyo inayohitaji mazoezi zaidi, ni nishati. Familia inabadilisha balbu 5 za wati 60 kwa balbu za LED za wati 9, na kila balbu huwaka saa 4 kwa siku. Kila balbu imeokoa wati 51, zote tano wati 255. Zidisha kwa saa 4, unapata wati-saa 1,020 kwa siku. Zidisha kwa siku 365, unapata wati-saa 372,300. Gawanya kwa 1,000 upate kilowati-saa 372.3 kwa mwaka. Kama kilowati-saa moja ni dola 0.20, familia imeokoa dola 74.46. Iandike hesabu hii mpaka uweze kuona vizio vikikatana vyenyewe, maana mtu anayefuata vizio hahitaji kukumbuka azidishe au agawanye.

Zimebaki mbili nyepesi. Nishati inayopita kutoka ngazi moja ya mnyororo wa chakula hadi inayofuata hukadiriwa kuwa asilimia 10, kwa hiyo kilokalori 20,000 za mimea huwa 2,000 kwa wala majani na 200 kwa wanaowala hao. Kitu chenye mnururisho hupungua kwa nusu kila kipindi chake cha nusu uhai kinapopita. Sizi-137, yenye nusu uhai wa miaka 30 hivi, hubaki robo baada ya miaka 60.

Hatua ya sita: Jifunze kupanga jaribio

Tuseme unataka kujua kama mbolea ya naitrojeni huongeza mwani. Unachukua mitungi 15 yenye maji ya bwawa moja, unaigawa katika makundi matatu ya mitungi mitano mitano, kundi moja halitiwi mbolea, la pili linatiwa kidogo, la tatu linatiwa maradufu. Kiasi cha mbolea ndicho kigeu huru, kwa kuwa wewe ndiye unayekibadilisha. Wingi wa mwani ndio kigeu tegemezi, kwa kuwa ndicho unachokipima. Mitungi isiyotiwa kitu ni kundi la kulinganishia. Mwanga, joto na ujazo wa maji havibadiliki. Nadharia tete iandikwe ikiwa na mwelekeo: mbolea ikiongezeka, mwani utaongezeka. Kusema tu kwamba mbolea itaathiri mwani hakutoshi.

Swali hili hupenda kuuliza pia ungebadilisha nini katika jaribio la mtu mwingine, na badiliko hilo lingeathiri vipi matokeo. Jibu la kuongeza idadi ya watu au vifaa ni dhaifu mpaka useme kwa nini. Sema kwamba kurudia jaribio katika mitungi mingi hupunguza uzito wa mtungi mmoja uliokwenda kinyume.

Hatua ya saba: Sheria na mikataba, jioni moja tu

Usimalize wiki kwenye sheria. Jua sheria za Marekani za hewa safi ya 1970, maji safi ya 1972, viumbe walio hatarini ya 1973 na maji ya kunywa ya 1974. Jua mkataba wa CITES wa 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, Itifaki ya Montreal ya 1987 na Itifaki ya Kyoto ya 1997 inayohusu kupunguza gesi joto. Kwa kila moja, sentensi moja inayosema inazuia au inasimamia kitu gani inatosha. Miaka yenyewe haina uzito mkubwa kuliko kutochanganya Montreal na Kyoto.

Hatua ya nane: Fikiri kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza cha mtihani

Nimekutana na wanafunzi walioambiwa waache kabisa lugha yao ya nyumbani wakati wa kusoma. Sikubaliani na ushauri huo. Mlolongo unaoweza kumweleza mama yako jikoni kwa Kiswahili ni mlolongo uliouelewa. Mweleze kwa nini jiko la mkaa lisitumike katika chumba kilichofungwa: moshi huleta chembechembe zinazoingia mapafuni, na mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na himoglobini na kuinyima damu nafasi ya kubeba oksijeni. Ukimaliza kumweleza, kaa chini uyaandike maneno yaleyale kwa Kiingereza. Pale utakapokwama utajua kama umekosa msamiati au umekosa maarifa, na hayo ni matatizo mawili yenye dawa tofauti.

Maneno ya amri katika maswali yajulikane kama unavyojua jina lako. "Identify" hutaka utaje tu, kwa kifupi. "Describe" hutaka sifa za kitu au jinsi kinavyotokea. "Explain" hutaka sababu, na humo ndimo mlolongo wako unamotakiwa. "Justify" hutaka ushahidi wa kile ulichodai, na "propose" hutaka suluhisho linalotekelezeka. Ukiombwa suluhisho moja, toa moja na ulieleze kikamilifu, badala ya kumwaga matano yasiyo na maelezo.

Futa kwenye majibu yako maneno mapana. Kusema kwamba jambo fulani linaharibu mazingira, linaleta magonjwa au ni baya kwa wanyama hakulipwi chochote. Taja pumu, taja kupotea kwa mazalia ya samaki, taja mmomonyoko wa udongo wa juu. Kwa suluhisho pia, kusema watu waelimishwe ni jibu linaloonekana jema lakini mara nyingi halibebi alama. Ukanda wa miti na nyasi kati ya shamba na mto, unaonyonya naitrojeni kabla haijafika majini, hubeba.

Hatua ya tisa: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Katika wiki ya nane fanya mtihani mzima mara mbili, asubuhi, kwenye kompyuta, kwa muda kamili. Kati ya majaribio hayo mawili pumzika angalau siku mbili na uzitumie kupitia makosa ya jaribio la kwanza tu. Jioni ya kuamkia mtihani soma kadi za jozi zinazochanganya, kisha ulale.

Ndani ya chumba, usikae zaidi ya dakika mbili kwenye swali moja la kuchagua. Liwekee alama, lipite, utalirudia. Katika sehemu ya pili soma maswali yote matatu kwanza na uanze na unalolimudu zaidi, kwa kuwa hakuna sharti la kufuata mpangilio. Jibu kila kipengele kwa herufi yake ili msahihishaji asitafute. Ukishindwa kupata namba ya kipengele kimoja na kinachofuata kinaihitaji, weka namba unayoikisia, sema wazi kwamba umeikisia, na uendelee na hesabu, maana hatua sahihi zinaweza kukupatia alama hata kama namba ya kuanzia si yenyewe. Dakika tano za mwisho zitumie kwa mambo mawili tu: kutazama kama kila namba ina kizio chake, na kama kila jibu la "explain" limefika hadi kiungo cha mwisho.